Naomba ushauri: nachora ramani ya utalii wa ikolojia, Bwawa la Nyumba ya Mungu

Kijana wa Bwawani
Wakuu, habari za leo. Tuko vijana sita upande wa Wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro. Wazazi wetu walitusomesha kwa perege wa bwawa hili. Sasa tunataka kupokea wageni: kutazama ndege, kutoka na wavuvi kwa mtumbwi, kulala kwenye mahema. Nimejifunza QGIS, programu ya kuchora ramani, nikachukua mstari wa ufuko kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kuweka kambi mita 80 kutoka majini. Mzee mmoja mvuvi alipoiona ramani alikaa kimya, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hapo mimi nimetega nyavu." Nimekosea wapi?

Mpima Ardhi
Mzee yuko sahihi. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kuhifadhi maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, na yanafunguliwa kuzalisha umeme. Ufuko wake unahama. Pakua picha za setilaiti za Sentinel-2, ni za bure: za baada ya masika na za mwisho wa kiangazi, miaka kadhaa. Hizo zinaanzia 2015. Kwa miaka ya nyuma tumia picha za Landsat, setilaiti za zamani zaidi. Chora mstari wa maji yalipofika juu kabisa, upimie hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kando ya maji. Ukizihesabu kutoka mstari wa kiangazi, masika yatakukuta kitandani.

Mama Mikoko
Naongezea kuhusu miinuko. Data ya SRTM, yaani vipimo vya urefu wa ardhi vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani, ilipimwa Februari 2000, na sehemu zilizokuwa na maji zilisawazishwa. Ardhi iliyoibuka baadaye utaiona tambarare kabisa hata kama ina korongo. Usiiamini kwa njia za miguu.

Halafu, mwanangu, kuna yasiyoonekana kwenye picha za angani. Kiboko hutoka usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ileile. Hema likikaa katikati ni hatari kubwa. Tembea na wavuvi, simu mkononi, uweke alama kwenye mapito ya viboko, mazalia ya samaki, na njia za mifugo kwenda kunywa. Mapito yawe ya kwanza kwenye ramani, kambi ifuate. Viota vya ndege usivionyeshe kwenye ramani ya wageni.

Kijana wa Bwawani
Asanteni sana, mama na mkuu. Kambi nimeshaifuta. Jumamosi naenda na yule mzee, anioneshe alipotega nyavu mwaka maji yalipojaa kuliko yote.