Tupeane uzoefu: samaki wanaokufa baada ya tangi kuoshwa

Mwenye Uzi
Wakuu, habari za jioni. Lalamiko ni lilelile kila mwezi: tangi lilikuwa limeota ukijani, likaoshwa likang'aa, mawe yakasuguliwa, maji yakamwagwa yote. Kesho yake samaki wako juu wanatweta, wengine wamelala ubavu. Tupeane uzoefu wa kutunza maji ili hilo lisitokee. Masharti ni haya: taja lita, taja maji yanatoka wapi (bomba, kisima, mvua), taja kiasi na sababu yake. "Weka kidogo tu" haimsaidii mtu.

Naanza na lita, maana dozi zote zinategemea hapo. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 100 x 40 x 50 ni lita 200 kwenye karatasi. Ukitoa changarawe, mawe na sehemu ya juu isiyojazwa, maji halisi yanabaki kama lita 165 hadi 170. Dawa ipimwe kwa hesabu hiyo ya pili.

Sponji Mbili
Wanaotangulia kufa siku ya usafi ni bakteria, samaki wanafuata. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia mashavuni. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Bakteria hao hawaogelei kwenye maji, wamegandia kwenye sponji ya chujio, changarawe na mawe. Ukiminya sponji chini ya bomba lenye klorini umewamaliza, hata kama ndani ya tangi hukubadilisha tone.

Utaratibu: chomoa umeme. Nyonya lita 10 za maji ya tangi kwa mpira uzitie kwenye ndoo. Minya sponji humo mara tatu au nne, basi. Ibaki ya kahawia, shida ni pale tu inapoziba maji yasipite. Kukiwa na sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Changarawe inyonywe uchafu nusu kwa nusu, na siyo siku ile ya sponji.

Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hawajakaa sawa. Bila samaki ndani, tia amonia ya maji hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Tikisa chupa ya amonia kabla ya kuinunua. Povu likikaa, ina sabuni, iache hapohapo dukani. Tangi liko tayari pale miligramu 2 zinapoisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri. Ukipata sponji iliyokomaa kutoka tangi lenye samaki wazima, muda unapungua sana.

Mama Gapi
Kwa sisi wa maji ya bomba, je, kulaza ndoo usiku mmoja hakutoshi kuondoa klorini?

Fundi Vioo
Mama Gapi, inatosha kwa klorini ya kawaida, hasa ndoo ikiwa wazi na pampu ya hewa inapuliza ndani kwa saa 24. Kama mamlaka ya maji ya huko uliko inatia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), haitoki kwa kulazwa, utakesha bure. Njia ya uhakika ni sodiamu thaiosalfeti, chembechembe nyeupe zinazouzwa maduka ya kemikali. Yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji. Mililita 10 za mchanganyiko huo, pima kwa bomba la sindano, zinatosha ndoo ya lita 20 yenye klorini ya kawaida. Maji yakinuka klorini kabisa, tia 20 au 30. Ikizidi kwa viwango hivyo hakuna madhara. Koroga, subiri dakika chache, mimina. Ila thaiosalfeti ikivunja kloramini inaacha amonia nyuma, kwa hiyo huko badilisha maji kidogo kidogo na uhakikishe chujio limekomaa.

Maji ya kisima kirefu nayo yana lake. Yanatoka na kaboni dayoksaidi nyingi na oksijeni haba. Ukipima pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) papo hapo inadanganya. Puliza hewa saa 24 ndipo upime, mara nyingi inakuwa imepanda. Visima vya pwani vingine vina chumvi ya kuonja kwa ulimi. Hayo usiyatumie peke yake, yachanganye na ya mvua.

Kipimo Kwanza
Swali la mwenye uzi jibu lake kubwa liko kwenye pH, na watu wanalipita.

Kipimo cha matone kinasoma amonia yote kwa jumla. Inayochoma mashavu ni amonia huru tu, na wingi wake unafuata pH. Kwa maji ya nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia huru haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni kama 36. Joto likipanda, nayo inapanda.

Sasa chukua tangi lililokaa mwaka mzima likijaziwa tu pale maji yanapokauka. Bakteria wanapofanya kazi wanakula alkali ya maji, ile inayopimwa kama KH. KH ikiisha, pH inaporomoka hadi 6 au chini yake, bakteria wanazorota na amonia inaanza kujikusanya, ila katika hali isiyo na ukali. Samaki wanakula, wanaogelea, mwenye tangi anajisifu. Siku ya usafi anamwaga nusu na kujaza maji ya bomba ya pH 8. Amonia imepungua nusu, lakini sehemu yake yenye sumu imeongezeka mara nyingi palepale. Watu wanasema samaki wameuawa na maji safi, na kwa namna fulani ni kweli.

Kwa hiyo pima kabla ya kugusa ndoo. Ukikuta pH ya tangi iko chini ya ile ya bomba kwa zaidi ya 0.5, badilisha asilimia 10 kwa siku hadi zikaribiane. Ukikuta amonia miligramu 4 kwenye pH 6, usithubutu kutia bikaboneti siku hiyo, punguza amonia kwanza.

Tangi likishatulia, weka KH isishuke chini ya 4. Kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, gramu 6 hivi, kwa lita 50 kinapandisha KH kama digrii 4. Yeyusha kwenye kikombe na ugawe kwa siku tatu. Siyo hamira ya unga ya kuokea keki, ile imechanganywa na asidi na wanga.

Na chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikiswe kwa nguvu nusu dakika. Dawa yake hutuama chini, na usipotikisa utasoma sifuri ya uongo.

Sponji Mbili
Naongezea hesabu ya kubadilisha maji. Tuseme tangi linazalisha nitrati miligramu 20 kwa lita kila wiki, na maji ya bomba hayana nitrati. Ukibadilisha robo kila wiki, itapanda polepole hadi itulie kwenye 80 kabla ya kila badilisho. Ukibadilisha nusu, inatulia kwenye 40. Ukitaka 20 itabidi upunguze chakula au samaki, ndoo hazitakufikisha. Kujazia yaliyokauka hakuhesabiwi kuwa kubadilisha: maji yanaruka, chumvi na nitrati zinabaki. Kwa kujazia tumia ya mvua, ila bati lioshwe na mvua za kwanza kabla hujakinga, maana zinki ya bati ni sumu kwa samaki, hasa kwenye maji laini. Mvua haina KH, usijaze tangi zima kwa hiyo.

Mwenye Uzi
Na umeme ukikatika?

Fundi Vioo
Pampu ya hewa ya betri na chujio la sponji vinakutosha. Usilishe. Chujio la kopo lililofungwa ndilo la hatari: likikaa masaa bila mzunguko, bakteria wanamaliza oksijeni mle ndani na maji yanaoza. Umeme ukirudi, mwaga kwanza maji ya kopo, ndipo uwashe. Joto nalo linaongeza shida, maana maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Yaliyotoka kwenye simtanki juani mchana usiyatie, chota alfajiri.

Mama Gapi
Nimepima sasa hivi: lita 60, pH 7.6, amonia 0, nitriti 1, samaki wanatweta. Nifanye nini usiku huu?

Kipimo Kwanza
Mama, badilisha nusu kwa maji yaliyotolewa klorini, yenye joto sawa na ya tangi. Kisha chumvi, gramu 1 kwa lita, yaani gramu 60, yeyusha kwenye jagi na umimine kidogo kidogo kwa saa moja. Kloraidi ya chumvi inazuia nitriti kuingia mashavuni. Hewa iwe nyingi. Kesho usilishe, pima tena asubuhi. Ukibadilisha maji, rudishia chumvi ya yale mapya tu: ndoo ya lita 20, gramu 20.

Ziwa Kuu
Wenye samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa kwenye makombe ya konokono, kumbukeni ziwa lenyewe lina pH ya 8.6 hadi 9 hivi. Makombe na mawe ya chokaa yatawafikisha kama 8 tu, zaidi ya hapo ni bikaboneti. Na rudini kwenye zile asilimia za Kipimo Kwanza: kwa pH hiyo, amonia ya 0.5 ambayo gapi (wale samaki wadogo wa mapambo) wa pH 7 hawaistuki, hapa inaua.