Matairi ya Land Cruiser 79 ya kubebea viazi: nichague yapi?

Mkulima wa Nyanda za Juu

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu matairi ya pikapu yangu, Toyota Land Cruiser 79 ya kabini moja yenye injini ya 1HZ. Kazi yake kubwa ni kutoa viazi mviringo mashambani huko Makete na kuvifikisha Njombe mjini, na mara moja au mbili kwa wiki kuendelea navyo hadi Makambako. Kwa hiyo gari linaanzia kwenye tope jekundu la njia za mashambani, kisha linaingia lami na kukimbia likiwa na mzigo wote.

Mwezi uliopita tairi la nyuma la kushoto lilipasuka nikiwa lami, saa nane mchana, kwenye mteremko. Namshukuru Mungu kwamba sikupinduka. Tulipolivua tukakuta kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zimebanduka kama ganda la ndizi, na ndani ya ubavu mlikuwa na unga mweusi, kana kwamba mpira umesagwa, ingawa kashata zenyewe zilikuwa bado ndefu. Matatu yaliyobaki ni ya umri uleule, na sina imani nayo tena. Yote ni ya saizi 7.50R16 na plai 8 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi), yanatumia tyubu, na yamefungwa kwenye ringi za zamani zenye pete ya chuma inayolishikilia tairi.

Dukani nimeonyeshwa aina tatu: 7.50R16 ya plai 8 kama niliyokuwa nayo, 7.50R16 ya plai 14 inayofungwa kwenye malori madogo, na 265/75R16 pana yenye kashata kubwa pamoja na ringi zake mpya. Muuzaji anasisitiza hizo pana, kwa sababu anasema hazitakwama kwenye tope. Mimi hubeba magunia 12 kwa safari. Mngekuwa ninyi, mngechukua yapi?

Fundi Matairi

Mkuu, pole sana kwa mkasa huo. Unga mweusi ulioukuta ndani ya ubavu ndio ushahidi wenyewe: tairi lilikuwa likijikunja kupita kiasi kwa muda mrefu, kwa sababu ya mzigo mkubwa, upepo mdogo au vyote viwili, likapata joto hadi mpira ukaachana na waya. Nimevua matairi mengi ya namna hiyo, na karibu mara zote mwenye gari hushangaa kwamba kashata bado zipo. Urefu wa kashata hauonyeshi afya ya ndani ya tairi.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia tope, tuzungumzie uzito. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba kama 112/110 na herufi moja. Namba ya kwanza ni uwezo wa tairi likifungwa peke yake kila upande kama kwenye gari lako, na ya pili ni uwezo wake likifungwa mawili mawili kama kwenye lori. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120, namba 116 ni kilo 1,250, na namba 120 ni kilo 1,400. Herufi ni ya mwendo: L ni kilometa 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160. Nenda ukasome ubavu wa hayo uliyo nayo, 7.50R16 nyingi za plai 8 ni 112.

Sasa niambie kwa ukweli, hayo magunia 12 ni ya kilo mia mia au ni lumbesa? Gunia likishonewa kilemba juu ya mdomo halina tena kilo 100. Usikadirie kwa macho. Tafuta ghala la mazao lenye mizani ya magari, panda na magurudumu ya nyuma peke yake ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Ukikosa mizani ya gari, pima gunia moja tu na uzidishe, nayo itakusaidia.

Kuhusu plai 14, uwezo wake ni mkubwa kuliko unavyohitaji, lakini ubavu wake ni mgumu mno kwa gari hili. Ukirudi shamba bila mzigo utarushwa kila shimo, na breki za nyuma zitakuwa zinateleza kwa sababu tairi halikai chini vizuri.

Dereva wa Rafu Rodi

Naungana na Fundi, nami naongeza habari ya tope, kwa kuwa nimeendesha 79 kwa miaka mingi katika njia za namna hiyo. Tairi pana lina faida kwenye mchanga mlaini na kwenye tope lisilo na mwisho, kwa sababu linaelea juu. Lakini tope la mashambani kwako, kama ni lile nilijualo, ni tabaka laini la utelezi lililolala juu ya udongo mgumu. Hapo tairi jembamba hukata na kufika chini penye kushika, ilhali pana hubaki juu likiteleza kuelekea mtaroni, tena kwenye njia iliyochimbwa na magurudumu ya wengine halitoshei vizuri. Muuzaji wako hakudanganya kuhusu kukwama, ila alikuwa anazungumzia tope jingine.

Kwa nini hukutajiwa 235/85R16? Kimo chake ni milimita 806 hivi, karibu sawa kabisa na 7.50R16, hivyo spidomita na gia zako hazibadiliki, na bado ni jembamba. Tafuta lenye herufi LT mbele ya saizi na namba 120/116, yaani kilo 1,400 kwa tairi moja. Kashata chukua za kati, zenye mifereji mipana inayojisafisha, si zile kubwa kabisa, maana kwenye lami yenye mvua kashata kubwa zina mguso mdogo na breki zake zinanitia hofu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ringi. 235/85R16 inataka ringi ya upana usiopungua inchi 6, na 265/75R16 inataka inchi 7. Ringi nyingi za pete ni inchi 5.5, kwa hiyo ukihama saizi ni lazima ubadilishe na ringi, na gharama hiyo uihesabu tangu mwanzo. Mimi ningebadilisha kwa moyo mweupe, na sababu yangu ni pete yenyewe. Pete iliyopinda au iliyoliwa na kutu inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, na inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Vijana wetu wa pancha huchuchumaa mbele yake, wakiwa na bomba la upepo mkononi, bila kizimba wala mnyororo wa kuizuia. Ninaumia kila nikiona hivyo. Ni kweli kwamba ringi za pete zina sifa moja, kwamba porini unaweza kulivua tairi kwa vyuma viwili na kuziba tyubu mwenyewe. Lakini tairi lisilo na tyubu huzibwa hata bila kuvuliwa, kwa kamba ya mpira na bisibisi yake.

Msoma Tarehe

Kwa ufupi tu: tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 0817 ni wiki ya 8 ya mwaka 2017. Tairi jipya linalong'aa linaweza kuwa limekaa dukani miaka mingi juani, na la mtumba ndilo baya zaidi, kwa sababu hujui lilibeba nini wala lilikimbia na upepo gani huko lilikotoka. Kwa gari la mzigo sishauri mtumba hata kwa spea. Nunua matano ya saizi moja, kwani ukichanganya vimo mbele na nyuma kisha ukaingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, gia zitavutana.

Mkulima wa Nyanda za Juu

Ndugu zangu, nimerudi na namba. Juzi nilipita kwenye ghala moja nikapima magurudumu ya nyuma nikiwa na magunia 12 na vibarua wawili juu yake: kilo 2,420, yaani kilo 1,210 kwa kila tairi. Matairi yangu ni 112. Kwa hiyo kila moja lilikuwa likibebeshwa kilo 90 zaidi ya uwezo wake, safari zote hizo, na upepo nilikuwa napimisha kwa kupiga teke. Gunia moja tulilolishusha lilikuwa na kilo 127.

Nimeamua kuchukua 235/85R16 ya namba 120/116 pamoja na ringi za inchi 6. Nimewaambia pia wanunuzi wangu kwamba kuanzia sasa napakia magunia 10 ya kilo 100 yasiyo na kilemba. Mmoja amenuna. Nimebaki na swali moja: upepo niweke kiasi gani?

Fundi Matairi

Umefanya vema kupunguza mzigo, kwa sababu tairi kubwa haliongezi nguvu ya springi, ekseli wala breki. Bamba la gari, lile lililoandikwa uzito unaoruhusiwa, ndilo linalotawala.

Kuhusu upepo, kilo 1,400 zile hupatikana tairi likiwa na PSI 80 (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji). Kwa PSI 65 linabeba kilo 1,180 hivi, na kwa 50 kilo 1,000 tu. Kwa magunia 10 anza na 65 nyuma. Ukiwa mtupu shusha hadi 40, na mbele weka 40 hadi 45 wakati wote. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Ukisimama Makambako ukakuta namba imepanda, usitoe upepo hata kidogo. Tairi la moto ni lazima lipande, na ukilipunguza hapo litarudi njiani likiwa legevu, mwanzo wa ule unga mweusi uliouona.

Baada ya kilometa 100 za kwanza, kaza tena nati za ringi hizo mpya.