Buddha wa Leshan usiku: lenzi ya f/1.8 au stendi?

Mbeya_Chengdu: Wakuu, heshima zenu. Jumamosi naenda Leshan, huku China, kuipiga picha ile sanamu kubwa ya Buddha usiku, taa zikiwa zimewashwa. Hela yangu inatosha kitu kimoja: lenzi ya f/1.8 (ile inayofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi) au stendi nzuri ya kamera. Nichukue kipi? Kesho lazima niwe nimeshalipia.

FundiPicha: Kamera gani? Sasa hivi una lenzi ipi? Unapigia nchi kavu au ndani ya boti? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mzee_Kitope: Stendi, kijana. Yangu nina nayo mwaka wa 11, kamera tatu zimekufa ikiwapo. ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga ukiwa chini), picha ya sekunde nne, unaona mpaka mikunjo ya vazi.

BiShani: Shikamoo mzee wangu. Kwa Leshan hapana. Buddha amechongwa kwenye jabali, anatazama mahali mito Min, Dadu na Qingyi inapokutana. Usiku ukitaka kumwona usoni, ni boti. Mimi nilibeba stendi ya kilo mbili kutoka Chongqing. Boti ikafika mbele yake, ikapunguza mwendo, nikafungua miguu ya stendi katikati ya watu, mama mmoja akajikwaa, nikaomba radhi. Nikapiga sekunde mbili mbili. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana safi. Hotelini nikazikuza: kila picha macho yamejirudia, pua imevutika upande. Injini inatetemesha sakafu, na stendi imesimama juu ya sakafu hiyohiyo! Boti ikageuka, basi. Nililia, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa narudi nyumbani.

Mzee_Kitope: Marahaba. Pole sana mwanangu. Lakini ng'ambo ya mto je?

FundiPicha: Ng'ambo ni mbali, f/1.8 ya milimita 35 au 50 haifiki. Mleta mada bado hajajibu.

Mbeya_Chengdu: Samahani, nilikuwa darasani. Ni boti. Kamera ni ya sensa ndogo (APS-C), lenzi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18-55.

FundiPicha: Sasa tunaongea. Ukivuta hadi 55 hiyo inakupa f/5.6, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Ila usichukue 50. Sanamu ina mita 71. Kamera ikiwa wima, 50 inataka boti iwe mita kama 150 ndipo aingie mzima. 35 inatosheka na 110 hivi. Shata (muda wa kunasa picha) weka sekunde 1/100. Umeme wa China ni hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, ukienda kasi zaidi taa nyingine zinakuchorea mistari. Uso unapigwa mwanga sana, kwa hiyo pima mwanga usoni, miguu iache ififie.

Kasuku88: Simu tu inatosha, ina hali ya usiku.

FundiPicha: Hali ya usiku inaunganisha picha nyingi. Boti ikisogea, kingo zinalainika.

Ustadhi_Yangon: Nimekaa nchi za Wabuddha miaka mingi. Flashi zimeni, watu wanaomba mle botini.

BiShani: Kweli kabisa. Na mnajua chanzo chake? Mtawa Haitong alianza kuchonga mwaka 713 ili mito itulie, maana boti zilikuwa zinazama pale. Kazi ikaisha 803, yeye ameshafariki. Inasimuliwa kwamba maofisa walipoitaka hela ya ujenzi, alijing'oa macho. Ndiyo maana ule uso nauona tofauti.

Kasuku88: Mito ilitulia?

BiShani: Vifusi vya mawe vilivyoanguka mtoni vilibadilisha mkondo, ndivyo wanavyoeleza. Ila Agosti 2020 mafuriko yalifika kwenye vidole vya miguu.

Mbeya_Chengdu: Huku mvua imenyesha siku tatu. Boti zitatoka kweli?

Mzee_Kitope: Zisipotoka utabaki nchi kavu, na nchi kavu ni stendi.