Mteja anayetaja bei ya chini kupita kiasi, mnamjibuje?

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, nauza hereni na mikufu ya fedha 925 kupitia Facebook na WhatsApp. Kupatana bei sina shida nako, hata pale sokoni Kibuye hakuna anayelipa bei ya kwanza. Kinachoniumiza ni mtu kuona hereni za 1,800, asiulize hata ni za madini gani, aandike tu: "Nikupe 500, natuma M-Pesa sasa hivi."

Fedha 925 ina asilimia 92.5 ya fedha halisi, iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Muhuri wake mdogo huwa kwenye kile kindoano cha sikio, na picha yake naiweka karibu kabisa. Bado nalinganishwa na vya kupakwa rangi vinavyochujuka upesi!

Nikinyamaza, mteja anapotea. Nikitaja bei ya mwisho mapema, anaifanya ndiyo ya kuanzia. Mwingine wa Nakuru tulielewana vizuri, mzigo ukishafika stendi ya matatu akaomba tena nipunguze.

Je, niandike kabisa "bei haipungui", au niongeze kidogo ili nipate pa kushukia? Na malipo, mnadai yote kabla ya kutuma? Naomba hasa walio kwenye biashara hii wanisaidie.