MJADALA: Ni haki kuwatia panya hofu na maumivu ili tuuelewe ubongo wa binadamu?

Mdakuzi (mleta mada)

Wakuu, mada hii huwasha watu moto haraka, kwa hiyo naomba tubishane bila matusi.

Kila mwaka mamilioni ya panya hutumika maabara. Wengi hupimiwa dawa au hufanyiwa uchunguzi wa kawaida, ila wapo wanaotiwa hofu, msongo na maumivu kwa makusudi, kwa kuwa hayo yenyewe ndiyo yanayotafitiwa. Nchini Marekani, sheria ya ustawi wa wanyama ilirekebishwa mwaka 2002, na panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti wakatolewa kwenye maana ya neno "mnyama". Mbwa yumo, sungura yumo, panya hayumo. Umoja wa Ulaya uliamua tofauti mwaka 2010: kila mwenye uti wa mgongo analindwa.

Mimi sitaki utafiti huu ufungwe, na sababu ninayo. Mwaka 1969 David Reynolds alipitisha umeme kwenye eneo la kijivu lililo katikati ya ubongo wa kati wa panya, kisha akawapasua tumbo bila nusu kaputi. Panya walitulia. Hapo ndipo watafiti walipoona wazi kwamba ubongo haukai tu kupokea taarifa za maumivu. Unateremsha amri hadi kwenye ugwe wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo), na amri hiyo inaweza kuizima taarifa kabla haijapanda. Hofu kali ya ghafla huuwasha mfumo huohuo, ndiyo maana aliyejeruhiwa hukimbia kwanza, maumivu yakamjia akishafika salama. Msongo wa muda mrefu hufanya kinyume: huyaongeza maumivu.

Mwaka 2011 kundi la Karl Deisseroth, Kay Tye akiwa mtafiti kiongozi, lilitumia mwanga kuamsha nyuzi za neva zinazotoka sehemu moja ya amigdala, eneo la ubongo linalohusika na hofu, kwenda kiini chake cha kati. Panya waliokuwa wakijibanza pembeni wakatoka kutembea penye uwazi. Walipoamsha seli zenyewe badala ya nyuzi hizo, utulivu ule haukuonekana. Kwa hiyo kusema "amigdala ni kituo cha hofu" ni kurahisisha mno. Njia ya kutuliza na njia ya kutisha zimo humohumo ndani, zimepishana kidogo tu.

Sasa kinachonikera ni vipimo. Panya huwekwa kwenye kijukwaa cha juu chenye vijia vinne, viwili vina kuta na viwili viko wazi, halafu zinahesabiwa sekunde alizokaa wazi. Akikaa sana, tunaandika kwamba wasiwasi umepungua. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walifanya vipimo vilevile, kwa panya wa koo zilezile, katika maabara 3 za Marekani na Kanada. Walilinganisha kila walichoweza, hata hivyo baadhi ya majibu yalitofautiana. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba kumwinua panya kwa mkia humzidishia wasiwasi kuliko kumbeba ndani ya bomba. Na mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil, mtafiti wa maumivu, likaonyesha kwamba harufu ya mtafiti mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa tu, huwapa panya msongo kiasi cha kupunguza dalili za maumivu.

Kwa hiyo hofu ambayo mtafiti hakuipanga inavuruga ileile aliyoipanga. Panya anayetendewa vibaya anatoa majibu mabaya. Msimamo wangu: panya waingizwe kwenye sheria kila mahali, na kipimo cha kuogelea kwa lazima kifutwe kabisa. Kilianzishwa na Roger Porsolt mwaka 1977. Panya anatumbukizwa kwenye chombo cha maji asichoweza kutoka, na akiacha kuhangaika inaandikwa "amekata tamaa". Wakosoaji wanauliza: je, kama amejifunza tu kwamba kuelea kunamwokolea nguvu? Jimbo la New South Wales, Australia, limekipiga marufuku tangu 2024. Wengine wanangoja nini?

Asiyekubali

Mleta mada umeanza kama simba ukamalizia kama karani. Ukishasema panya anaumia, huwezi tena kuja na fomu ya kuumizwa kwa utaratibu.

Tuangalie faida tuliyopata. Ubongo ukishtuka, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali ya CRF, nayo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za adrenali zimwage homoni ya msongo. Kwa binadamu ni kortisoli, kwa panya ni kortikosteroni. Dawa za kuzuia CRF ziliwatuliza panya vizuri sana, lakini zilipojaribiwa kwa watu wenye wasiwasi na sonona zikaangusha matumaini. Dawa za kuzuia kemikali ya maumivu iitwayo P nazo zilitoa matumaini kwa wanyama, kwa binadamu maumivu yakabaki palepale, mojawapo ikaishia kuwa dawa ya kichefuchefu. Na Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, mtu mzima na afya yake aliyejitolea alikufa kwenye jaribio la dawa ambayo ilishapita kwa wanyama.

Halafu huyohuyo panya, mwaka 2011 Chicago, alijifunza kumfungulia mlango mwenzake aliyenaswa bila kufundishwa na mtu. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Fundi wa Vizimba

Ndugu Asiyekubali, nafanya kazi ya kutunza panya wa utafiti, na hasira yako naielewa, ila la Rennes umelibebesha panya bure. Dawa nyingine za aina hiyo zilikwishatumiwa na watu bila madhara kama yale. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha molekuli ile ilikuwa inagusa vimeng'enya vingine visivyokusudiwa. Kosa la kemia na la namna jaribio lilivyoendeshwa usilifanye hoja ya kwamba wanyama hawana maana.

Na zilizofaulu mbona hukuzitaja? Pregabalini ilifanya kazi kwa panya wenye maumivu ya neva, ikafanya kazi kwa watu. Zikonotaidi, iliyotokana na sumu ya konokono wa baharini, vilevile.

Nimsahihishe na mleta mada kidogo. Hata Marekani, maabara inayopokea fedha za afya za serikali kuu inabanwa na masharti mengine yanayomhusu panya. Pengo lipo zaidi kwa wale wasiotegemea fedha hizo. Kuhusu bomba la kubebea, sina ubishi. Ni kitu rahisi mno, na bado wapo wanaoshika mkia kwa mazoea tu. Tangu 2010 tuna pia kipimo cha sura: macho yanavyobana, masikio yanavyorudi nyuma, mashavu yanavyovimba. Kilitokana na utafiti wa maumivu wa panya haohao, na leo tunakitumia kujua nani apewe dawa ya kutuliza.

Neva Zinawaka

Mimi nina maumivu ya neva, nalala kwa sababu ya kidonge ambacho Fundi amekitaja. Kabla yake nilikuwa siwezi hata shuka liniguse mguu. Ninyi jadilini falsafa.

Bi Swali

Pole sana, Neva. Hoja yangu haikupingi.

Nauliza tu, ni panya gani hao? Mogil na mwenzake walipitia makala za jarida moja kubwa la maumivu mwaka 2005, wakakuta karibu asilimia 80 zilitumia madume peke yake. Mwaka 2015 ikaja kuonekana kwamba seli za ubongo na ugwe ziitwazo mikroglia, zilizokuwa zikisifiwa miaka yote kwamba ndizo zinazoendeleza maumivu sugu, zinafanya kazi hiyo kwa madume. Majike wanapita njia nyingine, inayohusu seli za kinga. Na kwa binadamu wanaougua maumivu sugu, wengi ni wanawake! Marekani ilianza kudai jinsia zote mbili zizingatiwe kwenye utafiti inaoufadhili mwaka 2016.

La pili: Joseph LeDoux, aliyetumia miaka mingi kuchunguza hofu ya panya, amesisitiza tutenganishe mfumo wa kujihami na hisia ya hofu yenyewe. Kuganda na moyo kwenda mbio unaweza kuvipima, ila hofu anayoisikia mtu saa nane za usiku akiwaza madeni hujaipima. Pengine dawa za kuzuia CRF hazikuangushwa na panya. Ziliangushwa na swali tulilomuuliza.

Mdakuzi (mleta mada)

Bi Swali, hapo umelisema vizuri kuniliko.

Asiyekubali, yule panya wa Chicago ana mwendelezo. Watafiti walimpa midazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, akaacha kumfungulia mwenzake. Hakuwa amelewa wala kulegea, maana mlango wa chokoleti aliendelea kuufungua. Yaani ni wasiwasi wake mwenyewe uliokuwa ukimsukuma kusaidia. Jambo hilo usingelijua kwa seli zilizooteshwa kwenye kisahani, na ndilo linalonifanya nione panya anastahili sheria.

Suzetrijini, dawa mpya ya maumivu iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025, haigusi mfumo wa mofini. Inaziba mlango wa kupitishia sodiamu kwenye neva za maumivu, mlango ambao jeni lake lilipatikana kwa panya mwaka 1996. Ukiniambia tungefika huko bila panya, nionyeshe njia. Ukiniambia tungefika kwa panya wachache zaidi, wenye vizimba bora, madume kwa majike, na bila kuwazamisha majini, tuko pamoja.

Asiyekubali

Nimekusoma. Basi jibu hili moja: kamati ya maadili ikiletewa ombi la kipimo ambacho kimeshindwa kubashiri dawa za binadamu mara kadhaa, ni mara ngapi kishindwe ndipo ombi likataliwe? Maana nikiangalia kuogelea, tangu 1977 hadi leo, naona hakuna aliyewahi kuweka idadi.

Fundi wa Vizimba

Kwenye fomu ninazoziona mimi, swali hilo halipo. Lingekuwepo, naona maombi kadhaa yasingefika kwangu.