Jiko la tope la watoto: nianzie wapi?

Mama Pacha: Wakuu, hodi. Pacha wangu wa miaka 4 wamevamia vyombo vyangu. Juzi nimekuta ugali wa udongo ndani ya hotpoti, mfuniko umebanwa kabisa! Nataka niwajengee jiko lao uani, chini ya mwembe. Nina mabanzi ya mbao na beseni lililotoboka.

Fundi Randa: Pima kiunoni mwa mtoto, si mwako. Wangu wa umri huo nilimwekea meza ya sentimita 50. Kata duara kwenye ubao, beseni likae kwa ukingo wake. Tundu usilizibe, litatoa maji. Halafu piga msasa mpaka upitishe kiganja bila kuchomwa.

Bibi wa Tanga: Meza ya nini? Sisi tulikuwa na mafiga matatu na vifuu, mchicha wetu majani ya mwembe. Ila udongo ufunike usiku, paka wataugeuza choo. Na maji mwageni jioni, mbu wasizaliane.

Mama Pacha: Asanteni, beseni limekaa. Leo nimeandaliwa pilau la tope. Nimeambiwa nimalize sahani.