Hifadhidata ya mizani ya maziwa imegoma kuwaka, malipo ya wakulima ni Ijumaa. Naomba ushauri

karani_wa_Njoro:
Wadau, naomba msaada wa haraka. Natunza mfumo wa chama cha ushirika wa maziwa huku Njoro. Tangu jana jioni PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, haiwaki. Nikiandika `systemctl status postgresql` naona `active (exited)`, kijani kabisa, lakini programu ya mizani haiunganiki. Seva ni Debian, toleo ni 14. Chombo gani kinafaa kuchunguza jambo kama hili? Niweke strace, ile ya kufuatilia programu inaiomba nini kernel?

fundi_Bondeni:
Strace bado. Kwenye Debian, hiyo `postgresql` ni mwavuli tu. Hubaki kijani hata hifadhidata yenyewe ikiwa imelala. Andika `pg_lsclusters` uone hali halisi. Kisha `tail -n 50` kwa faili ya kumbukumbu iliyo ndani ya `/var/log/postgresql/`, na ubandike mistari yote bila kuchagua. Ongeza `df -h` na `df -i`, kwa sababu diski inaweza kuishiwa nafasi au kuishiwa inode (nafasi za kusajili faili), na dalili zikafanana.

ziwani_254:
Mimi ningeuliza kwanza kwa nini hakuna kengele ya diski. Skripti ya cron inayosoma `df` kila dakika 10 na kutuma ujumbe ikifika asilimia 80 haizidi mistari mitano. Vyama vingi vinanunua seva na kuiacha hivyo hivyo.

karani_wa_Njoro:
Kengele tutaongea baadaye, ndugu. Faili inasema:

`LOG: invalid primary checkpoint record`
`LOG: invalid secondary checkpoint record`
`PANIC: could not locate a valid checkpoint record`

Diski iko asilimia 31. Nimesoma kwamba dawa ni `pg_resetwal -f` na amri nimeshaiandaa. Nataka tu mtu anithibitishie.

fundi_Bondeni:
Usiibonyeze. Ujumbe huo maana yake PostgreSQL inatafuta mahali pa kuanzia urejeshaji na hapaoni. Rekodi hizo hazijiondoi zenyewe. Diski ilikuwa asilimia ngapi kabla ya kuzimika, na ni nini kilifutwa?

karani_wa_Njoro:
Ilikuwa 100. `du` ilionyesha saraka ya pg_xlog imekula GB 26, faili za MB 16 kila moja. Jina lina "log", nikazifuta zote kwa rm. Malori yalikuwa yamepanga foleni na maziwa hayangoji. Yeyote angefanya vivyo hivyo.

mwalimu_wa_data:
Kaka, zile hazikuwa logi za kusoma. Kila badiliko huandikwa humo kwanza, ndipo liende kwenye jedwali. Kilo za mkulima ni jasho lake, na mtunza rekodi anashika amana ya watu. Huwezi kufuta kitu usichokijua ndani ya saraka ya data, hata meneja akisimama mlangoni.

kisumu_kernel:
Samahani, lakini kisa hiki hakikai. Tangu toleo la 10, la mwaka 2017, saraka hiyo inaitwa pg_wal, na ilibadilishwa jina kwa sababu watu walikuwa wakiifuta wakidhani ni logi. Mstari wa "secondary checkpoint" nao uliondolewa toleo la 11. Mwenye 14 hawezi kuona hata kimoja kati ya hivyo viwili. Naona kimetungwa kwa vipande vya makala za zamani. Tusipoteze muda wa watu.

karani_wa_Njoro:
Sijatunga chochote. Hii hapa `pg_lsclusters`:

`9.6 main 5432 down postgres /var/lib/postgresql/9.6/main`

Ile 14 niliipata kwa `psql --version` kwenye laptopu.

kisumu_kernel:
Basi nakuomba radhi, kisa ni cha kweli. `psql --version` hutaja toleo la psql yenyewe, programu ya kuingilia hifadhidata, si la seva. Seva ikiwa imezimika, soma faili ya `PG_VERSION` ndani ya saraka ya data. Na hapo amri inabadilika: kwenye 9.6 ni `pg_resetxlog`, iko `/usr/lib/postgresql/9.6/bin/`. Ile ya 14 ingeona `PG_VERSION` na kukataa.

fundi_Bondeni:
Bekapu ipo?

karani_wa_Njoro:
Kuna picha ya diski ya Jumapili usiku. Meneja hataki kupoteza kilo za Jumatatu na Jumanne, ndiyo maana nashikilia resetxlog.

fundi_Bondeni:
Resetxlog haitakupa kilo hizo kwa uhakika. Inatupa kumbukumbu za mabadiliko na kujifanya hali ni safi. Kurasa zilizokuwa hazijafika diskini zimepotea, na faharasa zinaweza kuelekeza kwenye safu zisizokuwepo. Utaona kilo za asubuhi, za jioni zikakosekana, bila ujumbe wowote wa hitilafu, na Ijumaa utamlipa mtu pungufu.

Fanya hivi. Zima programu ya mizani. Hakikisha kwa `ps` kwamba hakuna postgres inayoendesha, kisha `cp -a` saraka nzima ya `main` hadi diski nyingine. Ya asili usiiguse tena. Kwenye nakala, ukiwa mtumiaji postgres (root itakataliwa), anza na `pg_resetxlog -n`, inayoonyesha tu bila kuandika. Ikikubali, weka `-f` badala ya `-n`. Weka `autovacuum = off` ili isijisafishe yenyewe, iwashe, toa dump (nakala ya data yote) kwa `pg_dumpall` papo hapo, uizime. Usiiendeshe kazini hata siku moja.

Pembeni, rejesha picha ya Jumapili kwenye mashine nyingine, ukiongeza diski kabla ya kuiwasha. Pakia ile dump kwenye hifadhidata mpya iliyotengenezwa kwa `initdb`. Linganisha jumla ya kilo kwa kila mkulima, kwa kila siku hadi Jumapili. Zikitofautiana, itupe dump na ubaki na Jumapili. Za Jumatatu na Jumanne, hata zikionekana, zihakiki kwa vitabu vya risiti vya makarani wa mizani. Kazi ya kuchapa ni ya siku moja kwa watu wawili.

karani_wa_Njoro:
Vitabu vipo, vya vituo vyote. Nakala inaendelea. Lakini GB 26 zilitoka wapi?

kisumu_kernel:
Angalia `ls pg_replslot` ndani ya saraka ya data.

karani_wa_Njoro:
Kuna folda moja, `nakala_mjini`. Seva ile ya mjini ilizimwa kitambo.

kisumu_kernel:
Ndiyo hiyo. Sloti ya urudufishaji huzuia kumbukumbu za mabadiliko zisifutwe hadi upande wa pili uzipokee, na upande wa pili haupo. `pg_dumpall` haibebi sloti, kwa hiyo kwenye hifadhidata mpya haitakuwepo. Ile ya picha ya Jumapili iondoe kwa `SELECT pg_drop_replication_slot('nakala_mjini');` mara tu ikiwaka. Na kwa kuwa unahama, nenda toleo jipya: kuanzia 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`. Ukiiwekea `5GB`, sloti iliyokufa itaachwa nyuma badala ya kujaza diski.

karani_wa_Njoro:
Naenda kuchukua vitabu.